Eka Tatu Zinapofika kwa Wajukuu

Anayetaka kujua ardhi ya Zanzibar itakuwaje mwaka 2060 aziweke ramani kando kwanza, aanze na hesabu ya mirathi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ilitangazwa kuwa mali ya serikali, na kuanzia mwaka 1965 wasiokuwa na mashamba wakaanza kugawiwa eka tatu tatu. Aliyepewa alipata haki ya kutumia, ardhi yenyewe ikabaki ya umma. Hayo ni ya kwenye karatasi. Majumbani mambo yalikwenda kama yanavyokwenda popote penye shamba na watoto.

Tuchukue mzee wa mfano, mwenye eka tatu zake za minazi na mihogo, yaani kama mita za mraba 12,140. Anafariki, anaacha mke, watoto watatu wa kiume na watatu wa kike. Kwa mirathi ya Kiislamu mke anachukua thumni yake, yaani moja ya nane. Kilichobaki kinakatwa mafungu tisa: kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja. Mtoto wa kiume anaondoka na mita 2,360 hivi, nusu eka na kidogo. Naye siku zake zikifika anaacha mke, wana wawili na mabinti wawili. Kila binti sasa ana mita 344. Hapo halimi mtu akategemea kula. Panaenea nyumba ya vyumba vitatu, karo la choo, na mnazi mmoja pembeni kama ukuta haukuupitia. Mirathi mbili tu, na shamba limeshakuwa viwanja. Hakuna ofisi iliyokaa kikao ikaamua hivyo.

Sensa ya 1967 ilihesabu Wazanzibari wapatao 355,000. Ile ya 2022 ilihesabu 1,889,773, na karibu nusu yao wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Visiwa ni vile vile, watu zaidi ya 700 kwa kila kilomita ya mraba. Kwa kasi ya ongezeko iliyoonekana kati ya sensa mbili za mwisho, asilimia 3.7 kwa mwaka, idadi huongezeka maradufu kwa miaka 19 hivi. Mtoto aliyezaliwa siku ya sensa, akifika umri wa kutafuta kiwanja, atakuta mtu wa pili amesimama mahali pa kila mmoja aliyehesabiwa siku ile.

Tatizo si idadi peke yake. Unguja haina udongo wa namna moja. Upande wa mashariki na kusini ni uwanda, jiwe la matumbawe lenye udongo haba tu, unaopandwa kwa kuchokoa mashimo baina ya mawe. Udongo wenye kina uko magharibi na katikati ya kisiwa, kwenye minazi na mikarafuu, na mabondeni unakolimwa mpunga. Mji nao uko magharibi, kwa sababu ya bandari. Kila unaponyoosha mguu, kuelekea Fuoni, Mwera au Kianga, unakanyaga ardhi bora zaidi tuliyonayo. Nyumba ingesimama vizuri tu juu ya jiwe la uwanda. Mpunga haustahimili jiwe, na mchele tunaokula mwingi wake tayari unakuja kwa meli.

Kisha kuna maji. Unguja hainywi mto wala ziwa, inanywa mvua iliyozama ardhini. Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyaleta maji mjini kwa mifereji kutoka chemchemi za upande wa Bububu, na mpaka leo tunategemea chemchemi, mapango na visima. Mvua ikinyesha shambani inazama. Ikinyesha kwenye bati na saruji inakimbilia barabarani, ikaingia kwenye nyumba ya jirani, ikamalizikia baharini. Kisima kikivutwa kuliko kinavyojazwa, maji ya chumvi hupanda. Nikiulizwa kipi kilindwe kwanza, mpunga au maji, nasema maji. Mchele unapakiwa melini, lakini maji ya watu milioni mbili hayaagizwi kwa jahazi.

Jambo ambalo halionekani kwenye ramani yoyote ni mchanga. Nyumba ya matofali inakula ardhi mara mbili: pale iliposimama, na kule ulikochimbwa mchanga wake. Shamba lililochimbwa hubaki shimo la udongo mkavu. Minazi ya pembeni mizizi iko nje, imeinama kama inayochungulia.

Tusidhani kwamba hatukupanga. Mji wa Zanzibar umechorewa mpango na wapangaji miji Lanchester mwaka 1923 na Kendall mwaka 1958, na wataalamu wa Ujerumani Mashariki mwaka 1968, na Wachina mwaka 1982. Mwaka 1995, kwa msaada wa Finland, ukapatikana Mpango wa Taifa wa Matumizi ya Ardhi. Nimezikunjua baadhi ya ramani hizo, na zinapendeza: kijani kwa kilimo, buluu kwa vyanzo vya maji. Lakini rangi ya kijani haimpi mwenye shamba hata shilingi. Akiuza viwanja kumi anapata fedha za kusomesha watoto na kumtibu mama yake. Akiacha shamba lizamishe mvua kwa faida ya mji mzima, hakuna anayemlipa. Sheha, kiongozi wa mtaa, anaitwa kushuhudia mauziano, karatasi inatiwa saini, na wiki ijayo lori la matofali limeingia. Kumlaumu mwenye shamba ni kukwepa kazi. Mimi ningeanza na malipo: kila ada ya maji mjini itoe sehemu kwa wenye mashamba yanayoyalisha visima, na asiyejenga aone faida ya kutojenga.

Njia nyingine ni kwenda juu, na hiyo tuliijaribu mapema. Majumba ya Michenzani mjini yalianza kujengwa mwaka 1970 hivi, marefu kiasi kwamba mtu anachoka kuyapita kwa miguu. Watu wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, waliozoea baraza ya mlangoni na ua wa kupikia walipandishwa ghorofani bila baraza na bila ua, na lawama za wakati ule bado zinasikika kila tunapotaja neno ghorofa. Kosa lilikuwa la mchoro. Ghorofa yenyewe haikukosa.

Nirudi kwa wajukuu wa yule mzee wetu. Baada ya mama yao kuchukua thumni, wanne wana mita 2,066 kwa pamoja. Wakijenga kila mtu chake, shamba limekwisha. Wakijenga nyumba moja ya ghorofa nne, yenye ua na baraza chini, juu ya mita 250, zaidi ya 1,800 zinabaki wazi kwa minazi na mvua. Nimewahi kuwaeleza hivyo ndugu waliokuwa wakigawana, nikawachorea kabisa kwenye karatasi ya daftari. Walisikiliza. Kisha mmoja akauliza, "Na mimi wa juu nikifa, wanangu watarithi nini, hewa?"