Mvutaji Naye Abebe Kijaluba

Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka wa 2017, plastiki nyingine ilisalia midomoni mwa wavutaji sigara. Kichungi si pamba, kama wengi wadhanivyo. Ni nyuzi za selulosi asetati, aina ya plastiki, ambazo mvua huzisukuma mtaroni hadi baharini pamoja na sumu zilizonasa humo. Nchini Japani wavutaji huuziwa visahani vya majivu vya kutia mfukoni. Je, mafundi wetu wa Kamukunji washindwe na kijaluba cha bati, kidogo kama cha tambuu? Kazi iko kwenye mfuniko. Usipobana barabara, kaa litaendelea kuwaka na uvundo utamkera mwenyewe, hata akitupe kijaluba na vilivyomo.