Mizani ya Stejini: Inapima Nini Hasa?

Pita steji ya Thika au ya Ruiru mchana, na huenda ukamkuta kijana aliyeweka mizani kando ya njia, akiwaita watu wajue kilo zao kwa shilingi chache. Kifaa chenyewe ni kidogo, lakini kimewavunja wengi moyo. Mtu amejinyima chapati wiki nzima, anapanda, anaambiwa ameongeza nusu kilo, na jioni hiyo hiyo anarudia sahani yake ya zamani. Je, mizani imemdanganya? La. Imejibu swali ambalo hakuliuliza.

Tuanze na ufundi wake. Mizani ya kioo inayotumia betri ina miguu minne, na katika kila mguu mna kipande cha chuma kilichogandishwa ukanda wa waya mwembamba mno. Ukipanda, chuma hupinda kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Waya nao huvutika, na kadiri unavyorefuka ndivyo unavyozidi kuuzuia umeme usipite. Saketi husoma badiliko hilo na kuligeuza kuwa kilo. Ukanda wa namna hii ulibuniwa Marekani mwaka 1938 na Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja akifanya kazi peke yake. Basi mizani ikiwekwa juu ya zulia au kokoto, miguu ikakosa kukaa sawa, usiiamini namba yake.

Je, wajua kwamba mahali ulipo pia huathiri namba hiyo? Mizani ya aina hii hupima jinsi dunia inavyokuvuta. Thika iko karibu na ikweta, tena juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo mvuto wake ni hafifu kidogo kuliko wa Ulaya. Mtu wa kilo 80 akipimwa Thika kwa mizani iliyorekebishwa London, itampunguzia takriban gramu 300 bila jasho lolote.

Lakini kivurugo kikubwa ni maji. Ukila sahani ya githeri ya nusu kilo na kushushia nusu lita ya maji, umeongeza kilo nzima papo hapo, wala hujanenepa. Chumvi nyingi huufanya mwili uzuie maji, na wanawake wengi huona kilo zikipanda kabla ya hedhi. Ini na misuli navyo huhifadhi wanga uitwao glaikojeni, na kila gramu yake hukaa na takriban gramu tatu za maji. Ukipunguza ugali na mkate ghafla, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka. Hiyo ndiyo siri ya wiki ya kwanza ya dayati, ambayo huwafurahisha watu kupita kiasi.

Sasa piga hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Anayepunguza kalori 500 kwa siku, yaani karibu chapati mbili, huyeyusha gramu 65 hivi za mafuta. Uzito wa mtu hupanda na kushuka kwa kilo moja au mbili siku hiyo hiyo. Gramu 65 utazionaje humo? Hazionekani kesho wala keshokutwa. Baada ya mwezi, huwa zimekaribia kilo mbili.

Na mafuta hayo huenda wapi? Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia walieleza katika jarida la BMJ kwamba kilo 10 za mafuta zikiunguzwa mwilini, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi zikiwa hewa ya kaboni dioksidi, na 1.6 zilizobaki huwa maji. Kupungua huku kusikoonekana kulishamshughulisha Santorio, daktari wa Padua, Italia, aliyejipima kwa takriban miaka 30 akiwa kwenye kiti kilichoning'inizwa kwenye mizani. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1614.

Ustahimilivu wake una mafunzo. Mwaka 1994, Rena Wing na James Hill wa Marekani walianzisha sajili ya watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kudumu hivyo kwa mwaka au zaidi. Takriban robo tatu yao hujipima angalau mara moja kwa wiki. Mizani haiwakondeshi, ila huwaonya mapema kilo zinapoanza kurudi.

Ujue pia kwamba mwendo wa kukonda hupungua. Mwili uliotoka kilo 95 hadi 80 unahitaji nishati kidogo kuliko zamani, kwa hiyo mlo ule ule uliokukondesha mwezi wa kwanza unaweza kukuacha palepale mwezi wa nane. Hapo chukua tepu ya fundi cherehani upime kiuno: zaidi ya sentimita 94 kwa mwanamume, au 80 kwa mwanamke, ni dalili ya hatari. Angalia presha yako. Angalia kama bado unahema ukipanda daraja la waenda kwa miguu la Thika Road.

Kwa hiyo, namba ya Ruiru ya Jumatatu usiilinganishe na ya Thika ya Ijumaa. Chagua mizani moja, sakafu ngumu, asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya chai. Andika namba za siku saba, zijumlishe, ugawe kwa saba, kisha linganisha wastani wa wiki hii na wa mwezi uliopita. Kama mizani yako ni ile ya stejini, pima siku moja kwa wiki, saa ile ile, bila viatu wala mkoba. Namba ya siku moja isikufanye uache ulichoanza.