Daktari naye hurudi darasani

Kwa nini dawa na ushauri wa afya hubadilika, na sisi wakazi wa kambi tufanye nini

Katika toleo hili tunazungumzia swali ambalo sisi wahudumu wa kujitolea huulizwa karibu kila bloku tunayoipita: "Mhudumu, mbona watu wa afya hamna msimamo? Jana mlisema dawa hii, leo mnasema ile." Swali hilo ni zuri na linastahili jibu la kweli. Wapo wanaoulizwa swali kama hilo na wao wenyewe wamesoma udaktari miaka mitano au sita. Hao nao hurudi chuoni kwao kutafuta jibu. Tuanze na wao.

MIAKA 100 YA MAKERERE

Mwaka 2024 Shule ya Udaktari ya Makerere, mjini Kampala, ilitimiza miaka 100. Mafunzo yalianza mwaka 1924 katika hospitali ya Mulago. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya udaktari ya Afrika Mashariki nzima. Vijana walitoka Kenya, Tanganyika na Zanzibar kwenda kusoma huko, kwa sababu Dar es Salaam ilianza kufundisha madaktari mwaka 1963 na Nairobi mwaka 1967. Kwa hiyo wazee wengi waliotibu wazazi wetu, upande huu wa mpaka na upande ule, walipitia mlango mmoja.

Wahitimu wa shule kama hii wanapokutana tena, mkutano huwa wa siku mbili au tatu, mara nyingi mwisho wa juma. Kwanza watu husalimiana na kuitana kwa majina ya utani ya zamani. Hupiga picha kwa kufuata mwaka waliomaliza. Huwakumbuka wenzao waliofariki. Wengine huchanga fedha za kumsaidia mwanafunzi asiye na karo.

Baada ya hapo huingia ukumbini kusikiliza mihadhara juu ya tiba ya kisasa. Hapo utamkuta daktari mwenye mvi, aliyetibu watu kwa miaka 40, amekaa na kalamu mkononi akimsikiliza kijana aliyemaliza juzi. Haoni aibu. Anajua kwamba sehemu ya yale aliyofundishwa ujanani imepitwa na wakati. Hata leseni ya daktari nchini Uganda hutolewa upya kila mwaka, na daktari hutakiwa kuonyesha kwamba ameendelea kujifunza.

Wengi wa wahitimu hao wanaijua pia habari ya kukimbia. Idi Amin alipotawala Uganda, kuanzia 1971 hadi 1979, walimu na madaktari wengi waliondoka. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa, na miongoni mwao walikuwamo madaktari. Darasa moja likatawanyika Kenya, Zambia, Uingereza na Marekani. Ndiyo maana watu wa miaka ile wanapokutana, furaha yao huwa na machozi ndani yake. Msomaji wa kambini haitaji kuelezwa zaidi.

DAKTARI ALIYEENDELEA KUSOMA

Mmoja wa wahitimu wa Makerere ambaye hatasahaulika ni Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu. Mwezi wa Oktoba 2000 wagonjwa na wauguzi walianza kufa kwa homa ambayo haikueleweka. Dkt. Lukwiya hakusema tu kwamba ni malaria kali. Alirudi kwenye maandishi ya kitaalamu, akalinganisha dalili, akashuku Ebola, akatoa taarifa. Vipimo vikathibitisha. Katika mlipuko ule watu 425 waliugua na 224 walifariki. Dkt. Lukwiya mwenyewe aliambukizwa akiwa kazini, akafariki tarehe 5 Desemba 2000. Bila shaka wangekufa wengi zaidi kama angetegemea tu yale aliyoyakumbuka kutoka darasani.

MAMBO MATATU YALIYOBADILIKA

Sasa turudi kwenye swali letu. Ni nini hasa kilichobadilika? Tuchukue mifano mitatu inayotugusa hapa kambini.

1. Malaria. Wazazi wetu walitibiwa kwa klorokwini. Ilikuwa dawa nzuri na ya bei nafuu. Lakini vimelea vya malaria vikaizoea, na watoto wakawa wanameza dawa huku homa ikirudi. Mwaka 2004 Uganda iliamua kutumia dawa mseto, ile ambayo wengi wetu tunaiita Coartem. Kwa malaria kali, kwinini nayo ilipimwa upya. Utafiti uliotangazwa mwaka 2010 ulihusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Uganda ikiwemo. Kati ya kila watoto 100 waliopewa kwinini, karibu 11 walifariki. Waliopewa sindano ya artesuneti, walifariki 8 au 9 kati ya 100. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ukihesabu watoto wa Afrika nzima, ni maelfu wanaorudi nyumbani migongoni mwa mama zao. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesuneti kwa watoto wenye malaria kali. Na mwezi wa Aprili 2025 Uganda ilianza kutoa chanjo ya malaria kwa watoto, dozi nne: miezi 6, 7, 8 na 18.

2. Mama mwenye virusi vya UKIMWI na mtoto wake. Mwaka 1999 utafiti uliofanyika Mulago ulionyesha kwamba kidonge kimoja cha nevirapini kwa mama akiwa na uchungu wa kuzaa, na dozi moja kwa mtoto, hupunguza maambukizi kwa karibu nusu. Dunia nzima ilishangilia. Lakini nusu nyingine ya watoto walikuwa bado wanaambukizwa, na mama mwenyewe hakuwa amepata tiba ya kudumu. Utafiti ukaendelea. Kuanzia mwaka 2012 Uganda iliamua kwamba mama mjamzito mwenye virusi aanzishiwe dawa za kupunguza makali mara moja na azimeze maisha yake yote. Bila dawa yoyote, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa. Mama akimeza dawa vizuri wakati wa ujauzito na wa kunyonyesha, idadi hushuka chini ya 5. Kidonge kimoja cha zamani hakikuwa uongo. Kilikuwa hatua ya kwanza.

3. Utapiamlo. Mulago ina kitengo cha lishe kiitwacho Mwanamugimu, jina la Kiganda lenye maana ya mtoto mwenye afya. Tangu miaka ya 1960 akina mama walifundishwa hapo kuwarudishia watoto afya kwa vyakula vya kawaida vya nyumbani. Wakati ule mtoto mwenye utapiamlo mkali alilazwa wodini kwa majuma mengi, na mama akaacha wengine nyumbani. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalikubaliana kwamba mtoto mwenye utapiamlo mkali, lakini mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine mkubwa, anaweza kutibiwa nyumbani kwa lishe ya karanga ya pakiti. Ndiyo maana leo tunapita na utepe wa rangi kupima mkono wa mtoto. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, ni nyekundu, na mtoto anahitaji matibabu siku hiyo hiyo.

Katika mifano yote mitatu, ushauri haukubadilika kwa sababu mtu fulani alibadili mawazo usiku mmoja. Watoto na akina mama walihesabiwa, matokeo yakaandikwa, na kilichosaidia zaidi kikachukua nafasi ya kilichosaidia kidogo.

TORORO NAYO ILIFUNDISHA

Wengine husema mambo haya hutoka Ulaya na Marekani. Si kweli yote. Mengi yalipimwa hapa hapa, katika wilaya za Tororo na Busia.

Wakenya waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi na kuvuka Malaba na Busia mwanzoni mwa 2008, wakapokelewa katika kambi ya muda ya Mulanda, wanaikumbuka sehemu hii. Si mbali na hapo iko gombolola ya Iyolwa, na katika wilaya hiyo hiyo iko Nagongera. Watafiti walitega mbu ndani ya nyumba za Nagongera kuanzia mwaka 2011. Waliona kwamba mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 310 kwa mwaka. Karibu kila usiku! Wakati huo huo, Walukuba, Jinja, haikufika mara 3 kwa mwaka.

Mwishoni mwa 2014 nyumba za Tororo zilianza kupuliziwa dawa ukutani, na malaria ikashuka sana. Lakini baada ya dawa ya kupulizia kubadilishwa, kuanzia 2020, malaria ilipanda tena, ingawa kupulizia kuliendelea. Hilo nalo ni somo: silaha ya jana yaweza isitoshe leo, na lazima kuwe na watu wanaohesabu kila mwezi ili kujua.

Mfano mwingine unatugusa sisi wahudumu. Kuanzia mwaka 2003, katika Tororo na Busia, wafanyakazi waliopewa mafunzo, wasio madaktari wala wauguzi, walipanda pikipiki kila wiki kupeleka dawa za kupunguza makali hadi mlangoni kwa mgonjwa. Waliuliza maswali yale yale kila mara: Umemeza dawa zote? Una homa? Unakohoa? Wakati huo wapo waliodhani kwamba mtu wa kijijini, asiye na saa wala barabara nzuri, hawezi kumeza dawa hizi kwa mpangilio. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2008 yaliwanyamazisha. Wagonjwa waliopata dawa za kupunguza makali pamoja na Septrini, vifo vyao vilipungua kwa asilimia 95 ukilinganisha na wakati ambapo hawakuwa na dawa yoyote. Watoto wengi walibaki na wazazi wao.

Leo habari kama hizi husomwa kwenye mihadhara ya madaktari. Lakini zilianzia kwenye mlango wa nyumba ya udongo, kwa mama aliyekubali kujibu maswali na kumeza dawa yake mpaka mwisho.

HATARI ILIYO MBELE YETU

Mwaka 2021 watafiti waliofanya kazi Gulu walitangaza kwamba baadhi ya vimelea vya malaria kaskazini mwa Uganda vimeanza kuchelewa kufa vinapopigwa na dawa za jamii ya artesuneti. Dawa mseto bado inatibu, tusiogope kuimeza. Ila ni onyo. Klorokwini ilitutoka mikononi namna hiyo hiyo, polepole.

Jambo moja linaloharakisha hatari hiyo ni dozi isiyokamilika. Mtoto akipoa siku ya kwanza, mzazi huweka vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mtoto mwingine, au humpa jirani, au huviuza sokoni apate chumvi na sabuni. Tunaijua shida ya mgao, hatumhukumu mtu. Lakini vidonge vile vilivyobaki ndivyo vilivyokuwa vimalize vimelea vya mwisho, vile vilivyo sugu zaidi. Vikibaki hai, ugonjwa waweza kurudi kwa mtoto yule yule, na mbu hubeba vimelea kwenda bloku ya pili.

TUFANYE NINI?

• Mtoto akiwa na homa, mpeleke apimwe siku hiyo hiyo au ndani ya saa 24. Si kila homa ni malaria. Akipimwa kwa kutobolewa kidole na asipokuwa nayo, usilazimishe apewe dawa ya malaria. Uliza homa inatoka wapi.

• Dawa mseto humezwa mara mbili kwa siku kwa siku 3. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Meza pamoja na chakula, uji wenye maziwa au chakula chenye mafuta. Maliza zote hata ukipata nafuu.

• Mtoto akitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, mrudishe kituoni apewe dozi nyingine.

• Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au asiyeamka vizuri, akimbizwe hospitali usiku au mchana. Usisubiri mhudumu apite.

• Mama mjamzito apimwe virusi vya UKIMWI mapema. Akikutwa navyo, asiache dawa hata siku moja bila ushauri, na akihamishwa kambi aondoke na kadi yake.

• Tunza kadi ya kliniki na ya chanjo mahali pakavu, kwenye mfuko wa plastiki. Kadi hiyo ndiyo inayomwambia daktari mgeni ulipofikia.

• Ukiambiwa dawa imebadilishwa, uliza maswali haya matatu: Kwa nini imebadilishwa? Naimeza vipi? Nikiona dalili gani nirudi? Mhudumu mwema hakasiriki akiulizwa. Asipojua, atakwenda kuuliza na kukuletea jibu.

Neno la mwisho ni kwa wenzetu waliosomea uuguzi, ukunga au udaktari kabla ya kukimbia, na ambao vyeti vyao viliungua au viliachwa njiani. Mpo katika bloku zetu, tunawajua. Jitokezeni kwa kiongozi wa bloku au katika ofisi ya afya muandikishwe, mje kwenye mafunzo yetu kama wasikilizaji na kama walimu. Elimu yenu bado inahitajika, na yaliyobadilika tangu mlipoondoka tutajifunza pamoja.