Maganda ya risasi Taita Taveta ni ushahidi, si vyuma chakavu

MSAFIRI anayetoka Voi kuelekea Taveta hupita Mwatate, Bura, Maktau na Mbuyuni kabla ya kufika mpakani, na aghalabu huona nyika, mashamba ya mkonge na ndovu tu.

Ni wachache wanaotambua kwamba njia hiyo yote ilikuwa uwanja wa mapambano katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwamba ardhi yake ingali imehifadhi mahandaki, kuta za mawe, makopo na maganda ya risasi.

Wajerumani, waliotawala eneo ambalo leo ni Tanzania Bara, waliiteka Taveta mnamo Agosti 15, 1914, siku chache tu baada ya vita kuanza Ulaya. Kutoka huko walituma vikosi vidogo kuvuka nyika na kutega baruti kwenye reli ya kutoka Mombasa.

Waingereza walijibu kwa kujenga reli mpya kutoka Voi, ambayo ilifika Maktau katikati ya mwaka 1915. Kambi zikaota kando ya reli hiyo, na hatimaye viwanja vya ndege pia vikatengenezwa Maktau na Mbuyuni.

Historia ya vita hivyo imeandikwa katika vitabu vingi. Kwa nini basi tujisumbue na vipande vya chuma vilivyoshika kutu?

Kilima cha Salaita, mashariki mwa mji wa Taveta, kinatoa jibu. Mnamo Februari 12, 1916, wanajeshi wa Afrika Kusini walikishambulia kilima hicho wakiamini kwamba mahandaki ya adui yalikuwa kileleni. Mizinga ikaelekezwa huko juu.

Kumbe Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa wamejichimbia chini, karibu na kitako cha kilima. Waafrika Kusini walipoteza zaidi ya watu 130, waliouawa, kujeruhiwa au kutoweka, wakalazimika kurudi nyuma.

Ripoti za makamanda huweza kukosea, au kuandikwa kwa nia ya kuficha aibu. Handaki halina nia hiyo. Mahali lilipochimbwa, upande linaotazama na urefu wake ni mambo yanayoweza kupimwa hata baada ya zaidi ya miaka 100.

Ganda la risasi nalo lina lugha yake. Bunduki za Waingereza zilitumia risasi za kipenyo cha milimita 7.7, ilhali askari wengi wa Wajerumani walianza vita wakiwa na bunduki kuukuu za mfumo wa mwaka 1871, zenye risasi nene za milimita 11 na baruti iliyotoa moshi mwingi.

Kwa hivyo, mtaalamu wa akiolojia akikuta maganda manene yamelala katika mstari mmoja nyuma ya ukuta wa mawe, hujua ni nani aliyesimama hapo na alilenga wapi. Alama zilizopigwa kwenye kitako cha ganda humwonyesha pia kiwanda na mwaka lilipotengenezwa.

Lakini ganda hilo likiokotwa na kutiwa mfukoni, maelezo hayo yote hupotea. Kinachobaki ni kipande cha shaba kisichojulikana kilitoka wapi.

Wenzetu wa Uingereza walilitambua jambo hili mapema. Kuanzia mwaka 1995, watu wa kujitolea nchini humo walisaidia kuorodhesha karibu maeneo 20,000 ya ulinzi ya karne ya 20. Huko, vituo vya taa za kumulika ndege za adui usiku, ambavyo vilibomolewa baada ya vita, hutambulika kwa alama za duara zilizosalia ardhini na kuonekana katika picha zilizopigwa kutoka angani.

Kwa Taita Taveta, umuhimu wa kazi kama hiyo ni mkubwa zaidi, kwa kuwa wengi walioteseka hapa hawakuandikwa popote.

Katika makaburi ya kivita ya Voi amezikwa Luteni Wilbur Dartnell, aliyeuawa karibu na Maktau mnamo Septemba 3, 1915 baada ya kukataa kuwaacha majeruhi. Alitunukiwa nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, na jina lake limo kwenye jiwe la kaburi.

Wapagazi waliobeba chakula, maji na risasi hawana mawe kama hayo. Ripoti iliyotolewa mwaka 2021 na tume inayosimamia makaburi ya kivita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa.

Wenyeji wa Kasigau nao walishutumiwa mwaka 1915 kwamba waliwasaidia Wajerumani. Vijiji vyao viliteketezwa nao wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi, ambako wengi walifariki. Waliosalia waliishi ugenini kwa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kurejea katika miaka ya 1930.

Kwa watu hawa, jivu la nyumba, mafiga na vigae vya vyungu vilivyoachwa ndiyo daftari lililobaki.

Hata hivyo, sheria ina mwanya. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kinachohamishika kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Ganda la risasi la 1916 halimo.

Jengo au mahali pa umri wowote panaweza kulindwa, lakini sharti kwanza Waziri apatangaze kuwa mnara wa kihistoria. Vitu vya miaka ya karibuni pia vinaweza kulindwa kwa tangazo kama hilo. Bila tangazo, ngome ya mawe inaweza kugeuzwa kuwa msingi wa nyumba, na risasi zikauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Hatua ya kwanza, kwa hivyo, ni kuorodhesha na kupiga ramani kila handaki, kambi na kijiji kilichohamwa, ili Waziri awe na cha kutangaza.

Mwananchi naye ana wajibu. Akikuta kifaa cha vita asikiondoe. Akipige picha, aandike mahali alipokiona, kisha aarifu Makavazi ya Kitaifa. Kikiwa ni kombora au guruneti asikiguse kamwe, bali awaite polisi, kwani baruti ya zamani bado inaweza kuua.

Handaki likishafukiwa na trekta, halichimbwi tena likawa lile lile.