Siku bahari ilipopandishwa jangwani

Adhuhuri, Kuwait, Machi 1991: madereva wamewasha taa kama usiku wa manane. Jeshi la Iraq, likitimuliwa mwezi uliotangulia, lilikuwa limelipua visima vya mafuta zaidi ya 600. Moshi ulifunika jua, masizi yakaganda hata kwenye manyoya ya ngamia. Walikuwapo wataalamu waliosema kazi ya kuuzima moto ule ingechukua miaka.

Wazimamoto hawakuanza na moto. Walisubiri wategua mabomu, maana mchanga ulijaa mabomu yaliyofukiwa. Kisha likaja swali la maji. Jangwani utayatoa wapi? Jibu lilikuwa chini ya miguu yao: mabomba yaliyozoea kupeleka mafuta pwani yaligeuzwa, yakapandisha maji ya bahari hadi kwenye mabwawa yaliyochimbwa karibu na visima. Kwangu mimi, hapo ndipo moto ule uliposhindwa.

Moto wenyewe ulizimwa kwa njia nyingi. Visima vingine vilisalimu amri kwa maji tu. Vingine vililipuliwa kwa baruti, mlipuko ukaunyima moto hewa. Wahungari walikuja na kioja chao: kifaru cha T-34 kilichobebeshwa injini mbili za ndege ya kivita ya MiG-21, zikipuliza maji kwa kishindo.

Lakini moto ukizimika, ndipo hatari inapoanza. Mafuta na gesi bado vinaruka juu, na cheche moja tu inarudisha kila kitu mwanzo. Watu walifanya kazi wakiwa wamelowa mafuta chapachapa, wakikata vyuma vilivyopinda na kushusha vali mpya juu ya mdomo wa kisima.

Dunia ilimshangilia Red Adair, Mmarekani mkongwe wa kazi hiyo, na alistahili. Ila Wakuwaiti nao walikuwa na kikosi chao, na ndani yake mhandisi mwanamke, Sara Akbar. Yeye hatajwi sana.

Kisima cha mwisho kilifungwa tarehe 6 Novemba 1991, haikufika hata miezi tisa tangu jeshi lile litimuliwe. Malipo ya mwisho ya fidia ya vita kutoka Iraq, iliyofikia jumla ya dola bilioni 52.4, yalitolewa Januari 2022. Mchanga uliokunywa mafuta yale ulikuwa bado unasafishwa.