Bunduki mjini Brussels: kibali kwanza, silaha baadaye

Tangu mwaka 2006, bunduki ya kuwindia hainunuliwi tena nchini Ubelgiji kwa kuonyesha kitambulisho peke yake. Mkazi wa Jette anayetaka kumiliki silaha hutakiwa kutaja sababu, kupimwa na daktari, kufanya mtihani, na kuhakikisha kwamba hakuna mtu mzima katika nyumba yake anayempinga.

Jette ni mojawapo ya manispaa 19 zinazounda Mkoa wa Mji Mkuu wa Brussels. Ina wakazi zaidi ya 50,000, hospitali kubwa ya chuo kikuu, na msitu mdogo wa Laerbeek ambako familia hutembea mwishoni mwa juma. Ni manispaa ya makazi, na si mahali ambapo mgeni angetarajia kusikia habari za bunduki. Hata hivyo, mkazi wake yeyote aliyetimiza miaka 18 anaweza kuomba kibali cha kumiliki silaha ya moto. Sheria haimtaki awe raia wa Ubelgiji. Inaangalia mahali anapoishi. Lakini kuomba si kupata, na njia iliyopo kati ya hayo mawili ndiyo inayowashangaza wengi, hasa waliotoka katika nchi ambako bastola hutafutwa kwanza kabisa kwa ajili ya kujilinda.

Sheria iliyoharakishwa na msiba

Kwa muda mrefu Ubelgiji ilikuwa na sifa ya kulegea katika suala hili. Sheria ya mwaka 1933 iliruhusu bunduki nyingi za kuwindia na za michezo kuuzwa kwa mtu mzima yeyote aliyeonyesha kitambulisho. Utengenezaji wa silaha ni sehemu ya historia ya nchi hiyo. Katika mji wa Herstal, karibu na Liège, kiwanda cha FN kilianzishwa mwaka 1889 kwa ajili ya kuliundia jeshi la Ubelgiji bunduki 150,000 za aina ya Mauser. Baadaye bunduki yake ya FAL ilienea katika majeshi mengi ya Afrika, na kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyoshiriki katika ujenzi wa kiwanda cha risasi cha Eldoret, nchini Kenya, katika miaka ya 1990.

Mambo yalibadilika tarehe 11 Mei 2006. Asubuhi ya siku hiyo, kijana wa miaka 18 aliingia katika duka la silaha mjini Antwerp, akanunua bunduki ya kuwindia kwa njia halali kabisa, kisha akatoka nayo mitaani. Alimjeruhi mwanamke mwenye asili ya Kituruki aliyekuwa ameketi kwenye benchi, akamuua yaya kijana mzaliwa wa Mali aliyekuwa mjamzito, pamoja na mtoto mdogo wa Kibelgiji aliyekuwa akimlea. Mahakama ilithibitisha kwamba chuki ya rangi ndiyo iliyomsukuma, na mwezi Oktoba 2007 alihukumiwa kifungo cha maisha.

Mswada wa sheria mpya ya silaha ulikuwa tayari mbele ya Bunge, ukisuasua. Baada ya mauaji ya Antwerp ulipitishwa kwa haraka, na sheria ikatiwa saini tarehe 8 Juni 2006, chini ya mwezi mmoja tangu msiba huo. Imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, yakiwemo ya mwaka 2008 na 2018, lakini msingi wake haukubadilika: silaha ya moto imepigwa marufuku kwa raia wa kawaida, isipokuwa yule aliyeonyesha kwamba anayo sababu halali ya kuwa nayo.

Sababu ndiyo mlango

Sheria inagawa silaha katika mafungu matatu. Kuna zilizopigwa marufuku kabisa, kuna zinazohitaji kibali, na kuna zinazouzwa kwa uhuru, kama vile silaha fulani za kale. Mgeni anapaswa kujua kwamba katika fungu la kwanza hazimo silaha za kivita peke yake. Kopo la dawa ya pilipili la kupuliza machoni, ambalo katika baadhi ya nchi jirani huuzwa dukani, na kifaa cha mkononi cha kupiga shoti ya umeme, nchini Ubelgiji vyote huhesabiwa kuwa silaha haramu kwa raia.

Kwa silaha zinazohitaji kibali, kila ombi lazima litaje sababu, na sababu zinazokubalika zimeorodheshwa katika sheria yenyewe: uwindaji na utunzaji wa wanyamapori, mchezo wa kulenga shabaha, kazi yenye hatari maalumu au inayohitaji silaha, ulinzi wa mtu binafsi, ukusanyaji wa silaha za kihistoria, na kushiriki katika shughuli za kihistoria, kiutamaduni au kisayansi. Aina ya silaha nayo lazima ilingane na sababu iliyotajwa. Anayesema anakwenda kuwinda hapewi bastola ya kuficha mfukoni.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ulinzi wa mtu binafsi umo katika orodha, lakini umewekewa masharti mazito kuliko mengine. Mwombaji lazima athibitishe kwamba anakabiliwa na hatari kubwa na ya kweli, na kwamba kuwa na silaha kutaipunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa. Hofu ya wezi, au kuishi katika mtaa wenye sifa mbaya, haitoshi. Mwenye duka anayehesabu fedha usiku atashauriwa kuweka kamera, king'ora na milango imara.

Uwindaji nao una utata wake kwa mkazi wa Brussels. Katika mkoa huo uwindaji umepigwa marufuku, kwa hiyo hakuna anayeweza kuingia na bunduki katika msitu wa Laerbeek. Anayetaka kuwinda hutafuta leseni ya Wallonia au ya Flanders, na mikoa yote miwili hudai mtihani wa nadharia na wa vitendo. Kwa sababu hiyo, njia iliyo wazi zaidi kwa mtu wa mjini ni ile ya klabu ya kulenga shabaha.

Mafunzo katika klabu

Michezo nchini Ubelgiji husimamiwa na jumuiya za lugha. Katika Mkoa wa Brussels, ambako Kifaransa na Kiholanzi zote ni lugha rasmi, mwanamichezo anaweza kujiunga na klabu iliyo chini ya shirikisho la wazungumzaji wa Kifaransa au la wazungumzaji wa Kiholanzi, na kila upande una kanuni zake.

Hata hivyo mwendo wake unafanana. Mwanafunzi haanzi kwa kununua. Anaanza kwa kujiandikisha, akitoa vyeti vinavyoonyesha mwenendo wake na afya yake, kisha anajifunza chini ya macho ya msimamizi. Somo la kwanza ni la usalama: kila silaha ichukuliwe kuwa ina risasi hadi itakapokaguliwa, mtutu usielekezwe kwa mtu kamwe, kidole kikae mbali na triga mpaka wakati wa kupiga. Baadaye hufuata mtihani wa sheria na wa ushikaji wa silaha. Anayefaulu hupata leseni ya mwanamichezo, na mahudhurio yake katika klabu huandikwa, kwa kuwa leseni ya mtu asiyefanya mazoezi haina maana mbele ya mamlaka.

Asiye mwindaji wala mwanamichezo mwenye leseni hufanya mtihani wake kwa njia ya polisi. Nao una sehemu mbili: ujuzi wa sheria, na uwezo wa kuishika silaha bila kuhatarisha mtu.

Cheti cha daktari na sauti ya wenye nyumba

Ombi lenyewe hupelekwa kwa gavana wa jimbo. Brussels haimo katika jimbo lolote tangu jimbo la Brabant lilipogawanywa mwaka 1995, hivyo jukumu hilo hutekelezwa katika ngazi ya mkoa. Kabla ya uamuzi, mkuu wa polisi wa eneo hutoa maoni yake. Tangu mageuzi ya polisi ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, Jette imekuwa katika eneo la polisi la Brussels Magharibi, pamoja na Molenbeek, Koekelberg, Ganshoren na Berchem-Sainte-Agathe. Polisi huchunguza kumbukumbu za mwombaji, na wanaweza kuzungumza naye kuhusu nyumba yake na mahali atakapoihifadhi silaha.

Mwombaji hutoa pia cheti cha daktari kinachosema kwamba anaweza kushika silaha bila kuwa hatari kwake mwenyewe wala kwa wengine. Waliowahi kuhukumiwa kwa makosa fulani hukataliwa.

Sharti linalogusa familia moja kwa moja ni jingine. Sheria inasema kwamba kibali hakitolewi iwapo mtu mzima anayeishi na mwombaji anapinga. Mtu huyo anaweza kuwa mke, mume, mama mkwe, au mtoto aliyefikisha miaka 18. Katika nyumba nyingi za Kiafrika, ambako vizazi viwili au vitatu hukaa chini ya paa moja, maana yake ni kwamba baba mwenye nyumba hawezi kuamua peke yake. Maoni ya mke anayejua hasira za mumewe yana uzito wa kisheria, na hayahitaji kungoja hadi damu imwagike.

Mamlaka ina muda wa miezi minne kutoa uamuzi. Anayekataliwa anaweza kukata rufaa kwa Waziri wa Sheria. Anayekubaliwa hupata kibali cha silaha moja iliyotajwa. Akitaka ya pili, huomba tena. Kila baada ya miaka mitano mamlaka hukagua iwapo masharti bado yanatimizwa, na sababu ikitoweka, kibali nacho huweza kuondolewa.

Silaha ikifika nyumbani

Ununuzi hufanywa kwa muuzaji aliyeidhinishwa, kwani sheria imekataza kuwauzia raia silaha za moto kwa posta au kwa intaneti. Kila silaha huandikwa katika daftari kuu la taifa, na mwenye kibali hununua risasi za silaha yake tu.

Nyumbani, silaha lazima ikae bila risasi, mahali ambapo watoto hawafiki, na risasi zisiwe karibu nayo kiasi cha kuchukuliwa pamoja. Hakuna ishara yoyote nje ya nyumba inayoruhusiwa kuonyesha kwamba ndani mna silaha. Mwenye silaha chache anaweza kutumia kufuli linalofunga triga, au kuifunga silaha kwa mnyororo. Anayezidisha tano hutakiwa kuwa na kabati imara lenye kufuli. Njiani kuelekea klabu, silaha husafirishwa bila risasi, ndani ya kasha lililofungwa, isionekane na watu.

Ikumbukwe pia kwamba kibali cha kumiliki si kibali cha kubeba. Kutembea na bastola kiunoni katika mitaa ya Jette kunahitaji kibali kingine, ambacho ni kigumu zaidi kukipata. Anayekamatwa na silaha bila kibali, sheria ya 2006 ilimwekea adhabu ya kifungo cha kati ya mwezi mmoja na miaka mitano, pamoja na faini ya kuanzia euro 100 hadi 25,000.

Soko la gizani

Wakosoaji husema kwamba masharti yote haya huwabana watu waaminifu, huku wahalifu wakijipatia silaha kwa njia za panya. Hoja hiyo ina ushahidi mitaani. Mwezi Februari 2025, watu wawili walifyatua risasi kwa bunduki za aina ya Kalashnikov karibu na kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Clemenceau, katika manispaa ya Anderlecht, katika mfululizo wa mashambulizi yaliyohusishwa na biashara ya dawa za kulevya. Silaha za namna hiyo hazipatikani kwa kibali chochote cha raia.

Watetezi wa sheria hujibu kwamba haikutungwa kwa ajili ya magenge peke yake. Kijana wa Antwerp hakuwa na genge, na hakuhitaji kujua soko la siri. Alihitaji fedha, kitambulisho na duka lililo wazi.

Mjadala huo haiko mbali na Afrika Mashariki. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 iliyataka mataifa ya kanda hiyo kuwazuia raia kumiliki bunduki za kivita. Mwishoni mwa mwaka 2018 serikali ya Kenya iliwaamuru raia wote wenye leseni za silaha kuhakikiwa upya, na Tanzania ilitunga sheria mpya ya udhibiti wa silaha na risasi mwaka 2015. Swali ni lile lile kila mahali: nani apewe, kwa sababu gani, na nani aulizwe kabla ya kumpa?

Kwa Waafrika wanaofanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba za Brussels, jambo moja lina umuhimu wa kila siku. Bastola ya zamani ikikutwa katika droo ya marehemu, isichukuliwe wala kupelekwa kokote, hata kwa nia njema ya kuifikisha kituoni, kwa kuwa anayeibeba bila kibali anaweza kujikuta matatani. Jambo la busara ni kuiacha ilipo na kuwapigia simu polisi wa eneo. Warithi nao, wakitaka kuibakiza, watalazimika kuanza kwa kuomba kibali kama mtu mwingine yeyote.