Sakafu ya udongo haipigwi deki

Binti aliyelelewa kijijini nje ya Kimilili akija kufanya kazi za nyumbani kwenye nyumba ya vigae mjini Kitale, hukabidhiwa ndoo, mopu na sabuni ya maji. Akipitisha mopu kabla ya kufagia, au akaiburura bila kuikamua, mwenye nyumba husonya: "Huyu hajui kazi!" Kazi anaijua, tena iliyo ngumu kuliko hiyo. Kwao hakukuwa na vigae tu.

Sakafu ya udongo ina masharti yake. Kabla ya kufagia unanyunyiza maji kwa kiganja, kidogo tu, vumbi litulie. Ukimwaga ndoo nzima umefanya matope. Ndani hutumika ufagio laini wa nyasi, uani ule wa vijiti, na ole wako uvichanganye mbele ya nyanya. Vumbi likianza kuinuka tena, ni zamu ya kusiriba: samadi mbichi ya ng'ombe na udongo, wengine huongeza jivu, vinakandwa kwa maji mpaka viwe laini. Unaanzia kona ya mbali, umeinama, kiganja kinachora nusu duara baada ya nusu duara, huku ukirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Anayeanzia mlangoni ataikanyaga kazi yake mwenyewe. Ikikauka, harufu hupungua na sakafu huwa ngumu. Agosti ya miaka shufwa, msimu wa tohara ya Wabukusu, hakuna mama anayetaka wageni wakute nyufa.

Nyufa ndizo tatizo. Funza jike hujichimbia mguuni, mayai yake hudondoka, na mabuu hukulia kwenye vumbi kavu la sakafuni. Mdudu huyu ni mgeni kwetu: alitoka Amerika Kusini, akafika Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil, kisha akavuka bara zima. Ufagio humhamisha kutoka pembe moja hadi nyingine. Kusiriba hufunga vumbi kwa muda, ila samadi yenyewe huja na vijidudu vyake, na sakafu hiyo huwezi kuisugua kwa sabuni.

Huko Mexico, serikali iliwawekea wananchi maskini sakafu za saruji kupitia mpango wa Piso Firme. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kuwa nyumba iliyobadilishiwa sakafu yote ilipunguza maambukizi ya minyoo na vimelea vingine kwa watoto kwa asilimia 78. Huku kwetu, watafiti wakiwemo wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wamelifuatilia swali hilohilo la sakafu na afya katika kaunti za Kwale na Bungoma, funza wakiwa miongoni mwa maradhi wanayoyapima.

Mimi ningependa kila nyumba ipate saruji, lakini saruji ya kweli. Fundi akibania mfuko, niru hupasuka mapema, vumbi likarudi, na safari hii hakuna wa kusiriba. Hata polishi nyekundu, inayoteleza ajabu mtu akiingia na miguu yenye maji, haizibi ufa.

Pesa zikipatikana, sebule ndiyo hutangulia kupata saruji. Jiko la kuni, wanakoshinda watoto na kuku, hungoja. Kwa hiyo Jumamosi moja, mikono ileile hupiga deki sebuleni, kisha huvuka uani na karai la samadi.